Ya Sabuni

Kazini walimwita Bi Nyoosha, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mpiga pasi katika londri iliyofua shuka za hoteli na za hospitali, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu, kunyoosha: shuka, foronya, mapazia, makoti meupe ya madaktari ambayo mifukoni mwake mlisahauliwa kalamu na maganda ya peremende. Shuka ya hospitali aliijua kwa kuigusa tu, maana imefuliwa mpaka imelainika kama shavu la bibi kizee. Ya hoteli ina ukaidi. Ukiipa kisogo inajikunja upya. Na mtu akija mbele ya meza yake na maneno ya kuzungukazunguka, alimwambia, "Nyoosha, bwana, pasi inapoa." Jina likatokea hapo.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu, hata kwake mwenyewe, kwamba akiwa na miaka arobaini na sita alikutana na jambo dogo la maneno mawili, likamshinda kunyoosha.

Aliishi na baba yake katika vyumba viwili, kwenye nyumba ya wapangaji wengi yenye ua katikati na bomba moja la maji. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, bila ugomvi, kama mtu aliyeona kituo chake kimefika akashuka. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Baba alikuwa tarishi kwa miaka thelathini. Alibeba barua na mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, akajua ngazi zote za mji na walinzi wa milango yote. Kisha asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja: bado.

"Baba, umelala vizuri?"

"Bado."

"Leo si Jumanne, baba?"

"Bado."

Hata mdomo ukiwa umejaa, ukimuuliza kama amekula, atakwambia bado. Mwanzoni wapangaji walicheka, halafu wakazoea, halafu wakaanza kumjibu wenyewe kabla hajasema.

Siku ile ya kiharusi, aliyefika wa kwanza mlangoni alikuwa mjane wa chumba cha mkabala, mama wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kuwa mpishi wa shule. Shule ilifunga jiko lake, wanafunzi wakaambiwa waje na chakula chao, na mpishi akarudi nyumbani na mwiko wake. Ua mzima ulimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Bi Nyoosha alipotoka hospitali na baba, akakaa kitandani hajui aanzie wapi, Shangazi alisimama mlangoni na beseni.

"Nenda kazini, mwanangu. Mimi nipo."

Akaenda. Aliporudi alimkuta baba ameoga, amenyolewa ndevu, kitanda kimetandikwa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Mwisho wa mwezi, kwa aibu, Bi Nyoosha alikunja elfu tano mara nne, akaziminya kiganjani mwa Shangazi.

"Chukua hii, Shangazi. Ya sabuni tu."

"Ya nini tena? Mimi na wewe tumefika huko?" Lakini akazipokea.

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, Shangazi alivaa aproni yake ya zamani ya jikoni, ya buluu, yenye mfuko mmoja kifuani. Alimgeuza baba, alimlisha, alimsukuma uani apate jua, alimsimulia mambo ya wapangaji. Na kila mwisho wa mwezi, elfu tano. Hazikuongezeka, kwa sababu hazikuwa mshahara. Nani amewahi kudai nyongeza ya sabuni?

Hayo yalikuwa yametulia kabisa siku serikali ilipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kitapangwa upya, nchi nzima.

Londri habari ililetwa na mpiga pasi wa meza ya pili, ambaye walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kima cha chini!" Redio alisema, akipuliza vidole vilivyoungua na mvuke. "Mimi kima ninayemjua ni yule wa mtini. Sasa wa chini si ndiye aliyeanguka?"

"Basi ndiye sisi," akajibu mkunja foronya.

"Sisi tumeanguka kutoka mti gani, dada? Huo mti wenyewe umeuona?"

Wakacheka wote saba. Bi Nyoosha naye alicheka, huku akipiga hesabu kichwani. Alikuwa analipwa elfu ishirini. Chama cha wafanyakazi kilisema kinataka thelathini na tano. Waajiri walisema wanaweza ishirini na mbili, tena kwa kujikaza.

Bosi wao alikuwa mtu mwembamba aliyetembea na bili zake mfuko wa nyuma kama wengine wanavyotembea na leso. Siku hiyo alikuja akasimama katikati ya meza.

"Siwatishi," alisema. "Lakini wakipitisha thelathini na tano, nitabaki na wapiga pasi wanne. Atakayedhani naongopa aje aone bili ya umeme."

Wengine walisonya, lakini Bi Nyoosha alikwenda kuiona. Aliisoma juu mpaka chini, na ilikuwa ndefu kama foronya. Akairudisha. Hakujua kama alikuwa amemwonea huruma mtu aliyemnyonya kwa miaka kumi na tisa, au kama neno kunyonya lenyewe lilihitaji kupigwa pasi upya.

Wiki iliyofuata alikuja karani wa bodi ya mishahara, bwana mmoja mtulivu aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni. Alikuwa na fomu za kuuliza maisha yanagharimu nini. Alikaa kwenye kikapu cha shuka chafu, akauliza, Bi Nyoosha akajibu huku pasi inakwenda. Kodi ya nyumba, kiasi fulani. Chakula, kiasi fulani. Nauli. Dawa za baba.

"Na kingine?"

"Ya sabuni, elfu tano."

Karani aliandika. Kalamu haikusita, na Bi Nyoosha hakuinua macho kutoka kwenye ukosi wa koti aliokuwa akiupitia. Hivyo ndivyo kosa lilivyozaliwa, kimya kimya, watu wawili wakiwa na haraka.

Kisha Katibu wa chama, mzee wa sauti nzito aliyependa kufunga vifungo vyote vya koti, akamteua aende kwenye kikao cha bodi kuwasemea wafanyakazi wa ufuaji. "Wewe ndiye," alimwambia. "Wengine watalia, wengine watatukana. Wewe unanyoosha." Siku yenyewe, kwenye ujia wa ghorofa ya tatu, akamshika kiwiko. "Ukiulizwa kiwango, sema thelathini na tano. Usiongeze, usipunguze. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa."

Alikuwa amevaa gauni alilolipiga pasi mara mbili. Nyumbani, kabla hajatoka, Shangazi alikuwa amemzungusha na kumkagua mgongo. "Umependeza. Ukawaambie ukweli, na urudi na kitu." Hilo ndilo alilolibeba mpaka kwenye ukumbi: arudi na kitu. Akilipwa vizuri zaidi, atamnunulia baba kiti cha magurudumu kisicholia, na Shangazi atapata hata kitenge.

Ukumbi ulikuwa na meza tatu ndefu zilizopangwa kama fremu ya mlango: serikali katikati, waajiri upande huu, wafanyakazi upande ule. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye nywele fupi zenye mvi, na alimsalimu vizuri. Mbele ya kila mtu palikuwa na karatasi. Bi Nyoosha aligeuza yake, akaona maisha yake yamechapwa katika safu mbili, na akashangaa yalivyokuwa mafupi.

Mwakilishi wa waajiri, bwana mnene mwenye uso wa kuchekacheka, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, naomba ufafanuzi kidogo. Huyu mama anapata elfu ishirini. Sawa. Lakini hapa naona sabuni, elfu tano. Robo ya mshahara! Mama, samahani, kwani unafua mji mzima?"

Ukumbi ukacheka.

"Na kazini kwenu si kuna sabuni ya bure?" akaongeza, na kicheko kikapanda.

Bi Nyoosha alisimama. "Si sabuni," alisema. "Ni ya sabuni."

"Tofauti yake?"

"Ni ya Shangazi."

"Aha. Kwa hiyo shangazi yako ndiye anayetumia sabuni ya elfu tano."

Hapo hata Katibu alifunika mdomo. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu, taratibu, mara mbili.

"Mama, chukua muda wako. Tueleze hiyo fedha ni ya nini."

"Kuna mama anamwangalia baba yangu nikiwa kazini. Baba amepooza. Basi mwisho wa mwezi nampa ya sabuni."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Ni shangazi tu."

"Shangazi, lakini si ndugu."

"Ndiyo. Yaani... anaitwa hivyo."

"Anakaa naye saa ngapi kwa siku?"

Bi Nyoosha alifungua mdomo kusema nane, akaufunga. Alikuwa ameambiwa akaseme ukweli, tena na mhusika mwenyewe. "Kumi na mbili."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Karani wa miwani ya kamba aliinuka nusu, uso umemwiva kwa aibu. "Mwenyekiti, kosa ni langu. Niliandika nilivyosikia. Nirekebishe vipi? Kwenye sabuni siwezi kuiacha."

Mwenyekiti aliigeuza fomu. "Ukurasa wa nyuma kuna sehemu ya watu unaowalipa," alisema. "Weka huko. Na pale juu, penye hadhi, ongeza: mwajiri."

"Nani?" aliuliza Bi Nyoosha.

"Wewe, mama."

Yule bwana mnene akamwonyesha kiti kitupu kando yake. "Karibu upande wetu, dada. Huku tuna maji ya chupa."

Hakuna tusi alilowahi kutupiwa lililomkaa kama ukarimu ule. Alibaki amesimama katikati ya meza tatu, na kwa kitambo hakujua kweli anatakiwa kuketi wapi. Alijaribu kufikiri kama anavyofanya shuka inapomgomea: tafuta pindo, vuta pembe, anzia katikati. Mimi ni mfanyakazi. Ili niwe mfanyakazi lazima mtu akae na baba. Huyo mtu naye ni mfanyakazi. Basi anastahili ninachostahili. Nikimpa ninachostahili, mimi nabaki na nini? Nisipompa, namdai nini Bosi? Kila alipovuta pembe hii, ile ya pili ilikunjamana.

"Swali la mwisho," alisema Mwenyekiti. "Kwa maoni yako, kima cha chini kiwe ngapi?"

Alimwona Katibu akitengeneza midomo bila sauti: thelathini na tano. Aliiona bili ndefu ya Bosi. Aliona aproni ya buluu.

"Thelathini," alisema.

Hakujua ilikotoka. Haikuwa ya upande wowote.

"Kwa wote?" aliuliza Mwenyekiti. "Na huyo wa sabuni?"

Sasa utamjibu nini mtu, mbele za watu, kwa swali kama hilo? "Kwa wote," akasema Bi Nyoosha, na kuketi, kwenye kiti chake cha zamani.

Ujiani, Katibu alifungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Umetumaliza. Nimekuambia usipunguze, wewe umepunguza, tena umejishtaki. Mama, nani alikuomba habari za shangazi?"

"Niliulizwa."

"Si kila swali linajibiwa kwa ukweli wote!" Akaenda zake.

Angeweza kunyamaza alipofika nyumbani. Lakini Redio alikuwa na binamu aliyefagia ukumbi ule, na Bi Nyoosha alijua habari ingefika uani kabla jua halijazama. Afadhali itoke kinywani mwake. Alimkuta Shangazi amepiga magoti, anamwosha baba miguu kwenye beseni, kidole kwa kidole.

Akamweleza yote. Alipofika penye sabuni, Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kwa hiyo mimi ni kipande cha sabuni! Miaka yote hii naisha polepole, watu hawajui." Baba naye akatoa ile sauti yake ya kucheka, ya upande mmoja. Alipofika penye mwajiri, Shangazi hakucheka. Aliufuta mguu wa baba, akauweka chini.

"Halafu ukataja ngapi?"

"Thelathini."

"Kwa wote?"

"Kwa wote." Na papo hapo akaongeza, kwa haraka, "Lakini Shangazi, unaijua hali yangu. Siwezi. Siyo kwamba sitaki. Kodi peke yake, ukiiona..." Akaisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya Bosi. Palikosekana bili tu mfuko wa nyuma.

Shangazi alikuwa amewagawia chakula wanafunzi mia tatu kwa miaka ishirini. Kugawanya lilikuwa jambo la damu kwake. Alitazama dari.

"Thelathini kwa saa nane kwa siku, ndivyo kazi zilivyo. Wewe unanipa tano. Tano inaingia kwenye thelathini mara ngapi?"

"Sita."

"Saa nane gawa kwa sita. Ni saa moja na dakika ishirini." Alisimama, akakamua kitambaa. "Naingia saa kumi na mbili. Kwa hiyo ya sabuni inaniishia saa moja na dakika ishirini asubuhi. Baba hata chai hajamaliza."

"Shangazi, usiende. Nakuomba."

"Nani kasema naenda? Mpaka saa moja na dakika ishirini mimi ni mfanyakazi wako. Baada ya hapo ni shangazi."

Bi Nyoosha alilala na kauli hiyo bila kujua kama amesamehewa au amehukumiwa. Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba asubuhi moja ule mlango wa mkabala hautafunguka. Ukikaa umefungwa, baba hawezi kuachwa. Baba asipoachwa, meza ya pasi inapata mtu mwingine, na wao wawili wanakuwa hawana hata hicho cha chini cha kubishania.

Mlango ulifunguka. Saa kumi na mbili kamili Shangazi aliingia, akafunga aproni. Siku hiyo Bi Nyoosha alikuwa na zamu ya kuchelewa kuingia, akaona kwa macho yake. Saa ya ukutani ilipofika saa moja na dakika ishirini, Shangazi aliweka kikombe chini, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaketi. Kisha akakichukua kikombe kilekile na kuendelea kumnywesha baba chai, kwa mkono uleule.

Kazi haikupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa ndani ya nyumba palikuwa na shangazi wa kweli, na Bi Nyoosha hakuwahi kuishi na shangazi wa kweli. Mfanyakazi haulizi, shangazi anauliza.

"Jana umechelewa nusu saa. Ulikuwa wapi?"

"Kulikuwa na shuka za hoteli, Shangazi."

"Hizo shuka zina simu? Hazikuweza kunipigia?"

Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, maana pale lilizuia hewa. Alimwambia gauni la kijani halimpendezi, alimwambia atafute mume kabla magoti hayajaanza kulia. Alipika chakula alichotaka yeye, akaonja wa kwanza. Bi Nyoosha akitaka kusema neno, macho yake yalikwenda kwenye aproni msumarini, na neno lilirudi. Ungemkanyaje? Mfanyakazi unaweza kumwambia acha. Lakini mfanyakazi alikuwa ameshatoka, saa moja na dakika ishirini.

"Baba," alimuuliza siku moja Shangazi akiwa bombani, "huyu ananitesa au ananipenda?"

"Bado," alisema baba.

Ilichukua miezi minne amri kutoka. Redio aliileta londri akiwa ameikariri kama shairi la shule. Wafanyakazi wa ufuaji: elfu ishirini na sita. Halafu madaraja mengine, mengi, na mwisho kabisa wa orodha, wafanyakazi wa majumbani: elfu kumi na mbili.

Londri walipiga vigelegele nusu. Ile sita ya nyongeza ilikuwa pungufu ya walichodai na zaidi ya walichotarajia. Bosi hakumfukuza mtu. Alilipa ishirini na sita kama ilivyoamriwa, na wiki hiyohiyo akaifuta chai ya saa nne. "Siwatishi," alisema, "lakini majani ya chai nayo yana kima chake." Katibu alipita akipeana mikono, na alipofika kwa Bi Nyoosha alimpa vidole viwili tu.

Yeye alikuwa kwenye hesabu yake. Zamani alipata ishirini, akatoa tano, akabaki na kumi na tano. Sasa atapata ishirini na sita, atatoa kumi na mbili, atabaki na kumi na nne. Alirudia, maana alidhani amekosea. Wamempandishia sita, wamemtaka aongeze saba. Alikuwa amekwenda kwenye ukumbi ule kudai haki, akaipata, na haki ikamrudisha nyuma elfu moja. Na bado hakuweza kusema kwamba ilikuwa makosa, kwa sababu kumi na mbili kwa saa kumi na mbili za Shangazi si fedha ya kumwonea mtu wivu. Wala hakuweza kusema ilikuwa sawa. Kwa nini anayenyoosha shuka za mgonjwa awe na thamani mara mbili ya anayemgeuza mgonjwa mwenyewe? Nani aliyepima, na alipimia nini? Pasi iliganda mkononi mwake mpaka harufu ya kuungua ikamzindua. Foronya ya hoteli, alama ya kahawia katikati. Ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Mwisho wa mwezi aliweka kumi na mbili kwenye bahasha, kama wanavyompa yeye. Nje akaandika neno mshahara, akalitazama, akaona mwandiko wake haujalizoea. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Shangazi alikuwa anamchana baba nywele, na aproni ilikuwa bado kifuani mwake, maana hata saa moja haijafika.

"Shangazi. Hii ni yako. Ya mwezi."

Shangazi alichungulia ndani. Hakusema "ya nini tena". Alihesabu, noti kwa noti, kwa kidole kilicholowa mafuta ya nywele, bila haya, kama mtu anayehesabu chake. Kisha akakunja bahasha, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Kwa hiyo sasa inaniishia saa ngapi?" aliuliza.

"Haiishi. Hiyo ni ya siku nzima. Sheria."

"Na wewe umebaki na ngapi?"

"Kumi na nne."

Shangazi alitazama dari. "Umerudi nyuma moja."

"Ndiyo."

Aliendelea kumchana baba mpaka upande wa kushoto ukawa sawa na wa kulia. Halafu akatoa bahasha, akachomoa noti moja ya elfu, akaikunja mara nne, akaiminya kiganjani mwa Bi Nyoosha.

"Chukua. Ya sabuni tu."

Na sura yake ilikuwa haina kicheko wala kisasi, wala kitu kingine ambacho Bi Nyoosha angeweza kukishika. Alisimama na noti mkononi. Akiipokea, amemlipa mtu kumi na moja badala ya kumi na mbili, na ameivunja sheria aliyokwenda kuiombea kwa kinywa chake. Akiikataa, ameusukuma mkono wa shangazi. Na kwani aliyeitoa ni nani, shangazi au mfanyakazi? Aliitazama saa. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Haikumsaidia.

"Shangazi, umenipa kama nani?"

"Nyoosha, bwana," alisema Shangazi. "Chai inapoa."

Hakuipokea, wala hakuirudisha. Aliiweka juu ya meza ndogo, chini ya redio ya baba, mpaka atakapojua. Siku hiyo saa moja na dakika ishirini ilipita na aproni haikuvuliwa. Ikavuliwa kumi na mbili jioni, ikatundikwa, na Shangazi akaenda kwake kwa kusema kwaheri ya kawaida. Kuhusu gauni la kijani hakusema tena. Bi Nyoosha, kwa namna asiyoweza kuieleza, alilitamani neno hilo, na Alhamisi moja alilivaa makusudi. Shangazi alilitazama, akatazama aproni yake mwenyewe, akaendelea kumlisha baba.

Noti ipo mpaka sasa. Kila anayefuta vumbi huinyanyua redio, huinyanyua noti, hupangusa meza, huirudisha noti palepale imekunjwa mara nne, na redio juu yake. Wakati mwingine ni Shangazi, wakati mwingine ni Bi Nyoosha. Baba huwatazama wote wawili kutoka kitini, kwa jicho la tarishi aliyewahi kubeba vitu vingi alivyokatazwa kufungua, na akiulizwa kama ameshajua hiyo fedha ni ya nani, jibu lake linajulikana ua mzima.

Siku moja Bi Nyoosha alijikuta ameleta pasi nyumbani kutoka kwa jirani, jambo asilowahi kulifanya tangu aanze kazi. Aliitoa ile noti, akaikunjua, akatandika kitambaa juu yake. Alisimama hivyo, pasi imepata moto, mkono umeinuliwa. Kisha akaichomoa pasi kwenye umeme, akaikunja noti upya kwa kufuata mikunjo ileile, akairudisha.